Niliwaambia, sikuwaita

Simu tuliisimamisha mezani, ikaegemea kopo la sukari. Kwenye kioo, Mama Mdogo alikuwa anashushwa kaburini kule Bulongwa. Sisi tulikuwa sebuleni Ilomba, jijini Mbeya, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Julai. Mjomba ndiye aliyeshika simu ya upande wa pili na mkono wake ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo mara tunaona miguu ya watu, mara anga, mara shada la maua. Mchungaji alipofika kwenye "udongo kwa udongo", picha ikaganda. Kwaya ikasikika nusu beti, ikakatika.

Mama hakusema kitu. Aliendelea kuitazama ile picha iliyoganda, mabega ya wanaume wawili na beleshi, mpaka kioo kikazima chenyewe.

Nyonga yake haimruhusu tena kukaa garini kutwa, kupandisha Isyonje na kukatiza Kitulo. Ndugu zangu walikwenda, mimi nikabaki naye. Msiba ulikuwa Makete, kwa hiyo huku hatukufunga turubai wala kutandika mikeka nje. Aliyepita barabarani aliiona nyumba yetu kama anavyoiona siku zote.

Baadaye akaichukua simu, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaniambia, "Mama, nifungulie lile grupu la mtaa."

Lile grupu ni la mambo ya gari la taka, maji yakikatika na zamu za ulinzi shirikishi. Mjukuu wake alimwingiza zamani, na hakuwahi kusema neno humo. Akabonyeza alama ya kipaza sauti.

"Kamwene majirani. Mimi ni yule bibi wa geti la kijani. Leo tumemzika mdogo wangu, huko kwetu Makete. Nilitaka na ninyi mjue."

Akaachia kidole.

Giza halijaingia, geti likagongwa. Walikuja wanawake wa mtaani, wengine nawajua kwa sura tu, wamebeba sukari, majani ya chai na unga. Mmoja alikuja na mkeka wake. Waliketi chini, wakaimba, wakamuuliza Mama marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akaeleza mpaka usiku.

Tangu siku hiyo kuna jambo limenisumbua wiki hadi wiki. Mama ameishi Ilomba miaka. Ana grupu la ukoo, la usharika wa nyumbani, la sisi watoto wake, na simu yake hailali. Lakini kabla ya jioni ile hakuna jirani aliyewahi kukaa naye chini akamuuliza jambo. Je, simu ilikuwa imempa watu, au ilikuwa imemficha?

## Mji wa waliokuja

Mbeya ni mji wa watu waliokuja. Ulianzishwa 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, na tangu hapo watu hawajaacha kushuka na kupanda kuufuata: Wakinga wa Makete, Wanyakyusa wa Tukuyu na Kyela, Wandali, Wanyiha, Wabena, wote juu ya ardhi ya Wasafwa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ile ya 2022 ikakuta 541,603. Tukisema habari ya wahamiaji, tunamaanisha kijana na begi lake pale stendi. Bibi aliyeshushwa kwenye gari na watoto wake, na godoro lake nyuma, huwa hatumhesabu.

Lakini yeye ndiye amehama kuliko wote. Kijana akifika mjini anapata kibarua, na kibarua kinampa watu. Mzee anafika kwa sababu mwenzake amefariki, au mguu umegoma, au ile nyumba ya kijijini imebaki na mtu mmoja na moto mmoja. Tunasema tumemleta apumzike. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na jukumu la kumtunza inaliweka kwanza mikononi mwa familia. Familia iko mjini. Basi mzee anaifuata.

Kule Bulongwa Mama alikuwa hakai saa moja bila mtu kusimama uani. Mwingine anataka mbegu. Mwingine anauliza mpaka wa shamba la baba yake unaishia wapi. Mwingine ana binti anayeolewa, anataka ajue kama yule kijana si ndugu yao. Ilomba tumempa chumba chenye dirisha kubwa, blanketi mbili nzito na televisheni. Saa moja asubuhi sisi tuko kazini, watoto shuleni, na geti limefungwa.

Hakuna aliyemtenda vibaya. Hakuna tu aliyekuwa na la kumuuliza.

## Mvua nyuma ya sauti

Mama alijifunza kusoma kwenye kisomo, yale madarasa ya watu wazima ya miaka ya 1970. Sasa herufi ndogo hazioni. Ndiyo maana nasema kwamba kwa watu wa umri wake WhatsApp ilianza pale ilipoleta ujumbe wa sauti, 2013. Kabla ya hapo simu ilikuwa ya kupokea tu, na mara nyingi anayepiga ana haraka kwa sababu ya salio.

Nilimkuta siku moja ameketi kando ya jiko la mkaa, anarudia sauti moja ya Mama Mdogo. Ilikuwa fupi, habari ya ndama. Aliisikiliza, akairudisha mwanzo, akaisikiliza tena. Nikamuuliza kama kuna neno hajalisikia.

"Hiyo ni mvua," akasema. "Sikiliza. Inapiga bati la jikoni, siyo la nyumba kubwa. Yuko jikoni."

Nikatega sikio. Kweli, nyuma ya habari ya ndama kulikuwa na mvua, na bati moja lililolegea linagonga. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba hiyo na sikulitambua lile bati.

Mambo mengine aliyoyasikia yalinitisha. Mwezi Mei alinipa simu nisikilize. "Mdogo wangu siku hizi anaongea akiwa amelala. Msikilize anavyovuta pumzi." Nyumbani walikuwa wanatuandikia kwamba hajambo, ni mafua tu. Tulipowabana wakakiri kwamba alikuwa haamki tena kitandani ila kwa kushikwa. Ndugu wenye macho mazuri, tuliokuwa tunasoma "hajambo" kila siku, hatukujua. Mama alijua kwa masikio.

Watafiti wawili wa Australia, Loretta Baldassar na Raelene Wilding, wamefuatilia wazee wahamiaji nchini kwao, waliotoka nchi nyingine, na namna wanavyoutunza undugu kupitia simu na kompyuta. Wanaonyesha kwamba kazi hiyo ni kutunzana kwenyewe, wala si kivuli cha kutunzana. Wanaonyesha pia kwamba mzee mara nyingi haifanyi peke yake. Nyuma yake kuna anayemshikia simu, anayemfungulia, anayemwekea bando. Hapo niliwaelewa haraka. Kwetu mtu huyo ni kijana wa kidato cha pili, na akiwa na mitihani, Bulongwa nzima inanyamaza.

Lakini shaka yangu ilianzia hapohapo. Saa nyingi za mchana Mama alikuwa Makete kwa masikio na Ilomba kwa mwili. Muuza mboga akigonga geti, alimpungia mkono aende, kwa sababu grupu la ukoo limechangamka. Nikaanza kuamini kwamba simu ndiyo inayomzuia kufika Mbeya, kwamba maadamu anasikia mvua ya kwao hatakuwa na haja ya kujua ya huku inapiga wapi.

Niliamini hivyo kwa muda mrefu. Jioni ya msiba ndiyo iliyonivuruga.

## Kwa mkwe

Siku majirani walipoacha kuja usiku nilimuuliza kwa nini aliamua kuwaambia watu asiowajua.

Akanijibu kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo mkubwa mwenzake angelijua bila kuuliza. "Mama, hapa ni kwa mkwe. Nitaitaje watu kwenye nyumba ya mkwe wangu? Wataingia wapi, watakunywa chai ya nani? Mimi niliwaambia, sikuwaita. Wamekuja wenyewe."

Mume wangu ni mtu mwema na anampenda Mama. Hilo halihusiani. Mzee aliyekulia Ukinga anajua mipaka yake kwa mkwe hata kama mkwe mwenyewe haijui. Anakohoa kwa sauti ya chini. Akisikia gari linaingia jioni, anaondoka sebuleni. Nyumba tuliyompa apumzike haina pembe ambayo angeweza kusimama akasema, karibuni kwangu.

Kwenye simu palikuwa na nafasi hiyo. Pale hakumsumbua mwenye nyumba, hakuomba ruhusa ya mtu. Alisema neno lake likaenda lenyewe mlangoni mwa kila mtu, na mwenye kuguswa akavaa kandambili akaja.

Hapo nikaacha kuuliza kama simu inaunganisha au inatenga. Nikaanza kuangalia jambo lingine: ndani ya simu hiyo, nani ana neno na nani ni msikilizaji tu?

## Jina la nani

Waliopitia usajili wa laini kwa alama za vidole hawajausahau. Ulianza 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Tulimpeleka Mama kwa wakala. Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Wakala akampa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akampaka mafuta, akabonyeza tena. Mashine ikakataa. Vidole vile vimeshika jembe tangu utoto, vimekwanyua pareto, vimepasua kuni kwenye baridi ya Makete, na ile mistari imelainika. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanaguna. Laini ikaandikwa kwa jina langu.

Kwetu sote lilionekana jambo dogo.

Sasa fikiria grupu la ukoo wakati wa msiba. Mweka hazina anaandika orodha ya waliochanga, anaiongeza kila saa, na kila mtu anaisoma. Mama alituma elfu kumi za rambirambi ya mdogo wake, fedha yake mwenyewe, ya mahindi yaliyouzwa. Orodha ilipotoka, mjukuu akamsomea. Palikuwa na jina langu mara mbili. La Mama halikuwamo.

"Mimi nimechanga wapi?" akauliza.

Tukamweleza habari ya laini. Alielewa, lakini hakuridhika, na nadhani alikuwa sahihi. Mzee ambaye hakuweza kufika kaburini, ambaye picha ilimgandia kwenye udongo, kitu pekee kilichobaki kuonyesha kwamba alikuwepo ni jina lake kwenye orodha ile. Na halipo. Akapeleka sauti kwenye grupu: "Ile elfu kumi ya pili ni yangu mimi, dada wa marehemu." Mweka hazina, kijana mwenye adabu, akaomba radhi na kurekebisha. Tangu hapo kila akichanga, Mama anapeleka na sauti nyuma yake.

Tunazungumza sana habari ya wazee kufundishwa kutumia simu. Sijasikia mtu anauliza kama simu hiyo inamjua mzee mwenyewe ni nani.

## Mstaafu wa Iyunga

Kuna mzee mmoja anaishi Iyunga, karibu na stesheni, rafiki wa marehemu baba mkwe wangu. Alitoka Tabora akiwa kijana, akaja na ujenzi wa TAZARA. Reli ile ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kilomita 975 kati ya hizo ziko upande wetu. Ilipokwisha, wengi hawakurudi walikotoka. Walipewa kazi kwenye karakana na stesheni, wakaoa, wakajenga. Huyu ni mhamiaji wa aina nyingine kabisa na Mama, na ndiyo sababu nilimwendea na swali langu.

Ana grupu la wastaafu wenzake. Wako Dar, Mlimba, Makambako, Tunduma, wengine Mpika ng'ambo ya mpaka. Akanikatisha nilipoanza kusema kwamba mambo haya ni mapya kwao.

"Mapya yapi? Sisi tulikuwa watu wa salamu." Akanikumbusha Redio Tanzania, kadi za salamu, na kipindi cha Ugua Pole kwa walio hospitalini. Mtu wa Mbeya aliandika kadi, akataja majina ya watu wa Kigoma na Masasi ambao hajawahi kuwaona, na wao wakamtaja wiki inayofuata. "Tulijuana kwa majina, mkitaka kuonana mnaandikiana barua. Wengine tulihudhuria harusi zao."

Kwa hiyo kujuana kabla ya kuonana ni jambo ambalo kizazi chake kimelifanya muda mrefu kuliko cha kwangu. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Kisha akageuka, akasema jambo zito. Grupu lao lilianza kwa utani wa kazini na picha za zamani za vichwa vya treni. Siku hizi ni tanzia. "Naifungua asubuhi kwa woga. Naona picha ya mtu kabla sijasoma, najua tayari." Kuna wakati alitaka kujitoa. Akaona akijitoa hatajua nani amekwenda, na akibaki hatakunywa chai kwa amani.

Nilimuuliza aliamua nini. Alisema haangalii grupu kabla ya kunywa chai, na kila siku lazima ampigie mmoja aliye hai. Anapiga hasa, kwa sauti, hata kama ni dakika mbili za kuulizana habari za magoti. Na ana grupu jingine, dogo, la wazee wa Iyunga tu. Humo hawaandiki habari. Mtu anaweka maneno mawili, "Bao lipo", na saa tisa wako chini ya mti.

Niliwaona. Walikuwa wanabishana kuhusu kete iliyohamishwa, na simu zao zote ziko mifukoni.

## Grupu ambalo mzee hayumo

Niseme na hili kwa sababu limeenea. Familia nyingi ninazozijua zina magrupu mawili. La kwanza lina mzee ndani, na humo zinapita picha za wajukuu, mistari ya Biblia na heri ya siku ya kuzaliwa. La pili ni la watoto peke yao, na humo ndimo yanapoamuliwa mambo yake: atakaa kwa nani msimu wa baridi, ng'ombe auzwe au asiuzwe, dawa zilipiwe na nani. Mzee anapata uamuzi umeiva, mara nyingi kwa sauti ya furaha. "Bibi, utakwenda Dar!"

Mstaafu wa Iyunga analijua hilo grupu la pili la watoto wake. Hakuwa na hasira alipolitaja. Alisema tu kwamba la kwanza siku hizi halifungui sana.

Na kuna wezi. Kila mtu anaujua ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mzee aliyehama ni rahisi kumpata, kwa sababu ana ndugu wengi walio mbali na namba zao zinabadilika. Hatukumnyang'anya Mama simu kwa hofu hiyo, kama wengine wanavyofanya. Tumekubaliana kwamba hatumi fedha mpaka asikie sauti ya anayeomba. Kwa masikio yake yale, ninamwamini.

## Viazi

Mwishoni mwa Agosti mmoja wa wale wanawake waliokuja na sukari aliweka picha kwenye grupu la mtaa. Yeye na wenzake wanne wamekodi shamba upande wa Isyonje, wamenunua mbegu za viazi, wakazihifadhi stoo kusubiri mvua. Sasa mbegu zimetoa machipukizi marefu, meupe, membamba kama nyuzi. Akauliza kama bado zinafaa.

Yakaja majibu ya kila namna. Mmoja anasema zitupwe. Mwingine anasema wapige dawa. Mama alisomewa, akaomba simu.

"Mmeziweka gizani," akasema. "Chipukizi likikaa gizani linatafuta mwanga, ndiyo maana limekuwa refu. Litavunjika kabla hamjafika shambani. Zitoeni humo leo. Tengenezeni kichanja, mzitandaze tabaka moja, mbili zikizidi. Mahali pawe na mwanga na hewa, lakini jua lisizipige. Hayo marefu yavunjeni taratibu, yatachipua mengine. Yakitoka mafupi, manene, na rangi ya kijani, hapo ndipo mpande. Na kiazi kilicholainika au kinachonuka, msikionee huruma."

Ilikuwa sauti ndefu. Ukimya ukapita. Kisha yule mwanamke akaandika: "Bibi, naomba nije nikuoneshe."

Akaja na beseni. Wakaketi pale barazani, wakazichambua moja moja, Mama anazigeuza mkononi, anabonyeza, anatupa, anaweka. Nilikuwa nimefika nyumbani kutoka kazini, nikasimama getini bila kuingia, kwa sababu sauti ya Mama ilikuwa ile ya Bulongwa. Ya amri kidogo. Sikuwa nimeisikia tangu tulipomhamisha.

Wiki mbili baadaye walikuja watatu. Mwingine hakuwa na viazi kabisa, alikuwa na neno la mchumba wa binti yake. Mwingine anatoka Ukinga kama sisi, bali wa upande wa Matamba, na alitaka kujua kama jina la ukoo wake linakutana na letu. Linakutana. Mama alimwonyesha linapokutana, na yule dada sasa ananiita mtoto wa shangazi.

Kwa muda mrefu nilidhani upweke wa Mama ni kukosa watu wa kuongea nao, na kwa hesabu hiyo simu ilikuwa imeshautibu, maana anaongea kutwa. Alichopoteza alipohama ni kuulizwa. Grupu la ukoo lilimrudishia kidogo, hasa habari za undugu, lakini watu wa huko wana wazee wengine walio karibu, na mwaka hadi mwaka maswali yanapungua. Grupu la mtaa, lile la gari la taka, halikuundwa kwa ajili yake wala kwa ajili ya mzee yeyote. Lilikuwa na kitu kimoja ambacho mengine hayana: wanaomuuliza wanaweza kuja na beseni.

Nina shaka bado. Mama ana masikio mazuri, ana mjukuu mwenye subira, na ana ujuzi ambao kwa bahati unahitajika kwenye mtaa wenye wakulima. Bibi aliyeletwa Forest au Block T kutoka Kyela, anayejua kakao na mpunga wa bondeni, huku mtaa wake ni wa watumishi wa ofisini, atamuuliza nani? Sina jibu lake. Najua tu kwamba akiwekwa kwenye grupu la kupokea picha za wajukuu peke yake, hakuna atakayegundua kwamba ana jambo la kujibu.

## Kidole cha mwisho

Usharika wa nyumbani umetangaza harambee ya kuezeka upya kanisa. Orodha ya bati imeshaanza kupita kwenye grupu. Mama akasema hatatuma hata shilingi mpaka laini iwe yake.

Tukaenda Mwanjelwa, kwa wakala mwingine, binti mdogo mwenye mikono yenye subira. Gumba, hapana. Shahada, hapana. Akajaribu mkono wa kushoto, kidole baada ya kidole, anaupasha kwa viganja vyake mwenyewe kwa sababu ya ubaridi. Kidole kidogo cha kushoto, kile ambacho jembe halikukigusa sana, mashine ikakisoma.

Mama akataka kutuma palepale, tumesimama kando ya meza ya wakala, bajaji zinapiga honi nyuma yetu. Akatuma fedha ya bati mbili. Kisha akampigia mweka hazina, akaweka spika, akamwambia asome jina lililotokea. Yule kijana akasoma majina yake yote matatu. Mama akamwambia arudie, akarudia.

Sasa kazi iliyobaki ni kuihamishia namba mpya kwenye magrupu yote. Mjukuu amesema ni kazi ya jioni moja. La mtaa ametaka liwe la kwanza, kwa sababu mbegu za Isyonje zinakaribia kwenda shambani na kuna swali la mbolea amelipokea tangu jana, hajalijibu.